Barua ya wazi kwa wanaosimamia mji wetu: jiwe lina tarehe, lisomeni kabla ya kulibomoa

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mji wetu,

YAH: ALAMA ZA X, SARUJI NA KIFUSI KATIKA MAKABURI YA KALE NYUMA YA SOKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nazungumzia amri yenu ya kuhamisha makaburi hayo ili pajengwe stendi.

Mimi ni fundi mwashi. Mwiko nimeushika tangu nilipomaliza darasa la saba, na miongoni mwa waliolala nyuma ya soko yumo baba wa babu yangu. Najitambulisha mapema kwa sababu mara ya mwisho nilipofika ofisini kwenu niliulizwa mbele za watu, "Wewe kama nani?" Sikupata nafasi ya kujibu vizuri siku ile. Jibu ndilo hilo.

Sikukimbilia kuandika hadharani. Barua yangu ya kwanza niliipeleka masijala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani na nakala yangu kama mtu aliyepewa risiti ya bidhaa asiyoiona. Ya pili niliambatanisha picha. Nilipopeleka ya tatu nikaambiwa faili halionekani, nilete upya nakala za zile mbili, nikaleta. Afisa anayehusika akawa safarini. Aliporudi, suala likawa si lake. Mwenyekiti wa mtaa alinipa pole, nami nilimshukuru, ila pole haizuii tingatinga.

Basi nayaweka hapa yote, kwa namba, ili atakayejibu asije akasema hakuelewa ninalalamikia nini.

1. Alama za X zimepakwa bila taarifa.

Tuliamka tu tukazikuta. X nyekundu, za rangi ya mafuta, kwenye makaburi kumi na moja, za aina ile tunayoiona kwenye nyumba za kubomolewa zilizo ndani ya hifadhi ya barabara. Moja imepita juu ya maandishi ya jiwe la kichwani. Mwenye nyumba akipakwa X anaweza kutoka nje na kuuliza. Hawa hawawezi, na sisi tulio wajukuu zao hatukubandikiwa hata karatasi kwenye mti.

Kuhamisha makaburi si jambo la kupanga na kontrakta kwenye kivuli cha mwembe. Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inataka ardhi iwe inahitajika kwa manufaa ya umma, inataka wenye makaburi wapewe taarifa, inataka maoni yao na imani yao vizingatiwe, na gharama za kuhamisha na kuzika upya zilipwe. Sheria hiyo haikutungwa na maadui wa maendeleo. Ilitungwa na Bunge la Mwalimu Nyerere, wakati nchi inajengwa kwa kasi kuliko sasa.

Nauliza: taarifa yetu iko wapi? Kama ilitolewa, ilibandikwa mbao gani, lini, na nani aliisoma?

2. Mmesema makaburi hayana umri unaojulikana. Yanao, umeandikwa.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua hii.

Katika kikao cha mwisho mmoja wenu alisema makaburi yale ni "ya zamani tu", hakuna anayejua ya lini, kwa hiyo hayawezi kuitwa mambo ya kale. Kesho yake nilimwomba mzee mmoja aliyetusomesha chuoni, yaani madrasa, tukiwa watoto, tukaenda naye makaburini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muda una maana yake. Jua likiwa bado chini, mwanga unalipiga jiwe kwa ubavu, na kila herufi inatupa kivuli chake. Ikifika saa tatu, jiwe lilelile unaliona bapa kama ukuta uliopigwa niru, ile chokaa ya kupaka, ukaapa halijawahi kuandikwa kitu.

Tulichukua maji safi na brashi laini ya kupakia rangi, basi. Hatukupaka chaki, hatukukwangua. Mzee akapiga magoti, akafuata mstari wa mwisho kwa kidole bila kuligusa jiwe. Jina la marehemu limeliwa nusu. Neno la Kiarabu "sana", yaani mwaka, linasomeka. Kisha tarakimu: moja, mbili, sita. Ya nne imekwisha kwa chumvi. Limebaki shimo dogo la kutosha punje ya mchele. Mzee akajaribu kuisoma kama tano, akasema hapana, labda nane, akanyanyuka akijishika kiuno. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, hiyo ya nne hatuihitaji."

Waheshimiwa, hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 1260 wa Hijria, kalenda ya Kiislamu, ulianza Januari 1844. Mwaka 1269 uliisha Oktoba 1853. Wekeni pale tarakimu yoyote mnayotaka, kuanzia sifuri hadi tisa, jiwe lile haliwezi kutoka nje ya miaka hiyo. Hata nikiwapa tarakimu inayowafaa nyie zaidi, tunapata 1852 au 1853.

Na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imechora mstari wake kwenye mwaka 1863. Jengo au muundo uliotengenezwa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo ni kumbukumbu ya kale, na haubomolewi kwa hiari ya mtu. Sheria hiyohiyo inalinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Sasa kama mlango wa nyumba unalindwa, itakuwaje nyumba ya mwisho ya mwenye mlango ipakwe X?

Kwa faida ya wengine wenye makaburi kama haya: mkiona tarehe ya Hijria ni 1278 au chini yake, jueni kaburi lilijengwa kabla ya 1863. Hamhitaji digrii. Mnahitaji mzee wa chuoni na jua la asubuhi.

Hilo ni jiwe moja, na ni la karibuni tu. Yale makaburi mawili yenye nguzo, upande wa baharini, hayana maandishi kabisa, ila ujenzi wake unafanana na wa makaburi ya kale ya pwani yetu, ya Kaole na Kunduchi, kuliko unavyofanana na kitu chochote kilichojengwa zama za babu zetu. Sisemi ni ya karne gani. Nasema aje anayeweza kusema, kabla hayajawa kifusi.

3. "Ukarabati" uliofanywa umeharibu kuliko mvua.

Hapa naongea kama fundi na nitaongea kirefu, kwa sababu ofisi yenu imetaja ukarabati ule kama ushahidi kwamba makaburi yanatunzwa.

Makaburi yetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Walipanga magogo duara, juu yake wakalundika matumbawe, wakawasha moto ukalala unawaka. Chokaa ile ilimwagiwa maji, ikafukiwa shimoni wiki hata miezi ndipo itumike. Ukishapiga lipu unaifunika kwa magunia mabichi isikaushwe na jua. Ni kazi ya subira, na watu wa siku hizi subira hatuna, nami najihesabu.

Jiwe la matumbawe lina matundu. Linanyonya unyevu ardhini na linapokea chumvi ya upepo wa bahari. Likiwa na chokaa, unyevu unapanda na kutokea kwenye chokaa, chumvi inaishia hapo, na chokaa ndiyo inayomeguka kidogokidogo. Fundi anakuja baada ya miaka anapiga nyingine. Chokaa imetangulizwa mbele ili jiwe lipone.

Sasa mmeleta saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na inaziba. Unyevu ukipanda haupati pa kutokea, chumvi inaganda ndani ya jiwe, inavimba, na jiwe linasagika kuwa unga nyuma ya ukuta mzuri mweupe. Kwa macho kaburi linapendeza. Mimi nimeligonga kwa kifundo cha kidole, linalia kama mtungi mtupu. Penye ufa nimeingiza ncha ya mwiko, ukamwagika mchanga laini kama wa kuchekecha. Huo mchanga ndio kaburi.

Vile vishimo vya duara kwenye nguzo fundi wenu ameviziba akidhani ni uharibifu. Ni mahali palipopachikwa bakuli za kaure, kama zile zilizoyapa sifa makaburi ya Kunduchi. Bakuli zetu zilikwishang'olewa kabla sijazaliwa, lakini kishimo chenyewe kilikuwa ushahidi: nilipokuwa mtoto ngumi yangu iliingia, na chini kulikuwa na ukingo wa kibuluu uliobaki kwenye chokaa. Sasa kuna saruji, na juu ya saruji rangi ya mafuta.

Kilichoniuma zaidi ni kidogo kuliko hayo. Kwenye kaburi la tatu maandishi yamefunikwa kwa niru, kisha fundi, kwa furaha ya kumaliza kazi, akachora kwa msumari tarehe yake kwenye saruji mbichi. Leo ukienda pale, tarehe pekee inayosomeka ni ya aliyelifunika. Simlaumu kijana huyo. Alipewa mifuko ya saruji na siku tatu. Namuuliza aliyempa.

Naomba pia msikilize hili kwa makini: msiirekebishe kazi hiyo kwa haraka ileile. Saruji iliyoshika kwenye matumbawe ukiivunja kwa nyundo inaondoka na uso wa jiwe. Na zile X, msizifute. Petroli, tina na brashi ya waya vitamaliza kilichobaki. Tengueni amri kwenye karatasi, rangi iacheni hadi aje mtaalamu.

4. Mawe yanachukuliwa, kifusi kinamwagwa.

Kifusi cha ukarabati wa soko kimemwagwa juu ya makaburi ya upande wa kusini, na mawe ya msingi wa kaburi moja nimeyaona yamejengea jukwaa la kibanda. Mlinzi hayupo, uzio haupo. Hili halihitaji maelezo.

5. Hakuna orodha.

Tangu mji huu uwe na ofisi, hakuna aliyeyahesabu makaburi yale. Kwa hesabu yangu ni arobaini na matatu yanayoonekana juu ya ardhi, na naweza kuwa nimekosea. Mnapanga kuhamisha kitu ambacho idadi yake mnaijua kwa makisio ya fundi mwashi.

Kwa nini orodha? Kwa sababu pwani yetu sehemu kubwa ya historia haikuandikwa kwenye karatasi, na iliyoandikwa nyingi imeliwa na mchwa. Imebaki kwenye chokaa. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ndiyo yanayotuambia kwamba mwaka 1107 watu walikuwa wanajenga na kuchonga pale. Gedi, kwa jirani zetu Kenya, ni mji mzima ambao wageni waliopita pwani hawakuuandika, lakini kuna kaburi moja lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na wachimbuzi waliutumia mwaka huo kuusoma mji uliobaki. Tongoni, karibu na Tanga, ukiyaondoa makaburi yake arobaini hivi na msikiti uliobomoka, utabaki na hadithi za Wareno tu. Mji wetu ni mdogo, wala siulinganishi na Kilwa. Ila mji mdogo ukipoteza jiwe lake moja hauna la akiba.

Najua majibu yanayokuja, kwa kuwa nimeshayasikia kwenye korido zenu.

Mtasema hakuna bajeti. Kutengua amri hakuna gharama. Kuandika barua kwa idara ya mambo ya kale, ambayo kazi yake ndiyo hii, ni karatasi moja. Kupiga picha makaburi arobaini na matatu ni asubuhi mbili za kijana mwenye simu. Bajeti ilipatikana kwa saruji.

Mtasema hayamo kwenye orodha ya serikali. Kweli, hayamo, kwa kuwa hamjayapeleka. Ni kama mzazi asiyemwandikisha mtoto shule, kisha akadai hana mtoto.

Wapo waliosema, si kwa maandishi bali kwa mdomo, kwamba yale ni makaburi ya "watu wa kuja", wenyeji hayatuhusu. Maneno haya ni ya hatari, yasemwe taratibu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya mifupa ya watu wa kale kutoka makaburi ya pwani, yakiwemo ya Kilwa, Songo Mnara, Manda na Mtwapa. Walikuta kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na upande wa baba mara nyingi una asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama miaka elfu moja iliyopita. Yaani mwenyeji na mgeni walikwishazaa pamoja zamani hizo. Atakayewatenganisha leo na aanze na damu yake mwenyewe. Na tuseme walikuwa wageni kabisa: askari wa vita ya 1914 hadi 1918 waliozikwa nchini kwetu makaburi yao yanakatwa nyasi na mawe yao yanasomeka mpaka leo, kwa kuwa ipo tume ya Jumuiya ya Madola inayoyahudumia. Hakuna anayesema wahamishwe kwa kuwa walitoka mbali.

Mtasema dini haipendi makaburi yaliyojengewa. Mimi ni fundi, wanazuoni wana yao. Sijaomba kaburi jipya lijengewe hata moja. Ila chuoni tulifundishwa pia kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na kwamba kaburi halikaliwi. Anayeichukua hoja ya dini aichukue nzima, na tingatinga alitie humo.

La mwisho mtasema napinga stendi. Stendi naitaka kuliko mnavyodhani. Ikijengwa, mimi na wenzangu ndio tutakaopata vibarua, nikinyamaza nafaidika. Lakini upande wa pili wa barabara kuna kiwanja kinachojaa magari mabovu na maji ya mvua, kikubwa kuliko makaburi, na hakina mtu wa kuuliza habari zake. Mpima ardhi wenu alikipima wiki ileile, nilimshikia kamba. Kwa nini kilirukwa, mtatueleza nyie.

Ninachoomba, nikiwa pamoja na wajukuu wengine wa waliozikwa pale:

Kwanza, amri ya kuhamisha makaburi isimamishwe kwa maandishi, na nakala ibandikwe sokoni, ndani ya siku 14.

Pili, hakuna fundi yeyote, nami nikiwemo, kugusa jiwe lolote mpaka idara ya mambo ya kale ilete mtaalamu. Akija, kazi ya chokaa ipo mikono ya kuifanya. Naweza kufundisha vijana kuichoma na kuilaza, bila malipo.

Tatu, makaburi yahesabiwe, yapigwe picha na yaandikwe, kwa kushirikisha wazee wanaosoma maandishi yale kabla nao hatujawapeleka palepale. Orodha ikae kwenu, msikitini na shuleni, sehemu tatu, ili "faili halionekani" isitoshe kuwa jibu.

Nne, kifusi kiondolewe kwa mikono na makarai. Mashine isiingie.

Tano, mkutano wa hadhara wenye muhtasari, kiwanja kile cha magari mabovu kikiwa ajenda.

Zikipita siku 14 bila jibu, tutapeleka suala hili ngazi za juu na mahakamani, tukiwa na zile nakala tatu zenye muhuri wenu. Sitishi mtu. Nawaarifu tu, kwa kuwa nilitamani kuarifiwa na mimi.

Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa makaburini na ndoo ya maji na brashi. Mwalimu amesema naye atakuja, miguu ikimruhusu. Waheshimiwa mnakaribishwa, ila wahini; ikipita saa mbili herufi zinaanza kupotea.

Wenu,

Fundi mwashi, mkazi wa nyuma ya soko

Nakala:
Mbao za matangazo, ofisi ya mtaa
Msikiti wa Ijumaa
Walimu wa historia, shule ya sekondari
Masijala (ya nne, tafadhali iwekwe kwenye faili)